Klabu za Wanafunzi na Saa ya Alasiri

Misigiri, katika wilaya ya Iramba, ndipo barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega inapotoa tawi la Kiomboi, yaliko makao makuu ya wilaya, kabla ya kuuteremka mlima Sekenke; na msafiri apitaye hapo huona maduka ya kandokando ya barabara, mashamba ya alizeti, na, wakati wa alasiri, wanafunzi wa sekondari waliovaa sare wakirejea kwa miguu vijijini kwao. Mwendo huo, ambao mpita njia huutazama kisha akausahau, ndio uamuao kwa kadiri kubwa ni mwanafunzi yupi atakayeshiriki katika klabu za shule na ni yupi atakayezikosa.

Katika shule za sekondari za Tanzania klabu hizo ni nyingi. Iko ya mdahalo, wako skauti, iko Malihai, ishughulikiayo wanyamapori na misitu, iko ya wapinga rushwa, ilelewayo na TAKUKURU, viko vyama vya dini, kama UKWATA kwa Wakristo na TAMSYA kwa Waislamu, na kila kimoja kina mwalimu mlezi na viongozi waliochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Wazazi wengi huzidhania kuwa ni anasa ya kupitishia wakati, na baadhi ya waalimu, waliolemewa na hofu ya mtihani wa kidato cha nne, huzitazama kwa jicho hilohilo. Naamini dhana hiyo ni potofu. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya yenye kazi na maamuzi yake, wala si nyumba ya kuhifadhia vitabu na mitihani; nami sioni mahali ambapo mwanafunzi wa leo hukutana na maamuzi kwa hakika zaidi kuliko katika klabu, anapopaswa kutunza fedha kidogo za wenzake, kuandika muhtasari wa mkutano, na kumwambia sahibu yake mbele ya watu kwamba hoja yake haikubaliki.

Mdahalo wastahili kuelezwa kwa urefu. Mada hutangazwa siku kadhaa mbele. Wasemaji hugawanyika pande mbili, wanaoiunga mkono na wanaoipinga. Mwenyekiti huongoza, katibu huandika, na mtunza muda hugonga meza dakika zinapokwisha, hata kama msemaji yumo katikati ya fasaha yake. Fadhila ya utaratibu huu ni kubwa mno kwa kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye nyumbani huzungumza Kinyiramba, na ambaye alipoingia kidato cha kwanza aliyakuta takriban masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Darasani kijana huyo hunyamaza, si kwa kukosa akili, bali kwa kuchelea kuchekwa. Katika mdahalo, uwe wa Kiingereza au wa Kiswahili, analazimika kusimama, na akishasimama mara ya kwanza na ya pili, ulimi wake hufunguka kwa namna ambayo ubao na chaki aghalabu haviwezi kuleta.

Hali kadhalika ngonjera, mashairi ya kujibizana mbele ya hadhira, ambayo yalienezwa na Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, mkoa jirani na Singida, aliyefariki mwaka 1969. Ni nadra mahafali ya kidato cha nne kupita bila ya ngonjera na risala, na wote wawili, asomaye na asikilizaye, huondoka na Kiswahili kilicho bora kuliko walichokuja nacho.

Wala kundi dogo la wanafunzi lisidharauliwe. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakamweleza mashaka yao juu ya mazingira na jamii; kutokana na mazungumzo hayo ikaanzishwa Roots & Shoots, ambayo leo ina makundi ya vijana katika nchi nyingi za dunia. Na katika michezo, mkoa wa Singida una sababu ya kujivunia: Alphonce Simbu, mzaliwa wake, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ambayo mwaka 2022 yalifanyika Tabora kwa upande wa taifa, huanzia katika viwanja vya vumbi vya shule kama za Iramba.

Lakini desturi ya klabu ilikulia katika shule za bweni, ambako jioni ilikuwa mali ya mwanafunzi. Serikali ilipotekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa wingi, na mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa. Neema adhimu, iliyowafungulia mlango watoto wa wakulima. Nyingi za shule hizo ni za kutwa. Zilirithi klabu za bweni, hazikurithi jioni yake. Kengele ya mwisho inapolia, aishiye karibu hubaki kiwanjani. Aishiye mbali huwaza njia na giza, na akiwa msichana, huwaza pia maji na jiko vinavyomngoja. Hivyo klabu zikiachiwa saa ya baada ya masomo, wanaokosa ni walewale wanaozihitaji mno.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kipindi cha dini kina nafasi yake katika ratiba ya wiki. Klabu nazo zipewe kipindi kimoja, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, siku ambayo wote wapo. Nawasihi wakuu wa shule na bodi zao, Misigiri na kwingineko, walitazame jambo hili wapangapo ratiba ya muhula ujao. Na mzazi ahudhuriapo kikao cha shule, baada ya kuuliza habari za mitihani, aulize pia mwanawe yumo katika klabu gani, na hukutana saa ngapi.