Laini ya Nyumbani Isitoke Kwenye Simu

Kwa Mkenya au Mtanzania anayetua Heathrow, chipu ya simu ni pochi. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, Vodacom Tanzania ikafuata 2008, na tangu hapo laini ndiyo hubeba akiba, ada za watoto na ujumbe wa benki wa kuthibitisha miamala. Hata hivyo, kwa miaka mingi wageni wameichomoa uwanjani hapohapo, wakaweka laini ya Uingereza ya Lebara au Lycamobile, na ile ya nyumbani wakaikunja kwenye kikaratasi. Ikidondoka kwenye treni, kazi ipo. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole tangu 2019, na aliye Barking, London, hana duka la karibu la kwenda kuweka kidole chake.

eSIM imeondoa ulazima wa kuchomoa. GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani wenye makao yake London, ulitoa kanuni za eSIM kwa simu za kawaida mwaka 2016. Chipu huungwa ndani ya simu kiwandani, kisha taarifa za laini hupakuliwa kwa intaneti. Modeli mpya za iPhone zinazouzwa Marekani hazina hata tundu la kadi tangu 2022.

Mpango unaomfaa msafiri wetu ni huu: kadi ya nyumbani ibaki mahali pake, laini ya Uingereza iingie kama eSIM.

Kabla ya safari abonyeze *#06#. Namba ya EID ikitokea, simu ina uwezo huo. Simu isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu za namna hiyo Desemba 2021, lakini za mitumba bado zipo. Msimbo wa QR auskani akiwa bado kwake, kwenye Wi-Fi, kwani kwa kawaida hutumika mara moja tu. Akifika, achague eSIM kwa data na azime data ya romingi kwenye laini ya nyumbani. SMS zitaendelea kuingia ikiwa huduma ya romingi ya laini hiyo, si ya data, imewashwa. Kupokea simu ndiko hukata salio. WhatsApp ikiuliza kama abadili namba, akatae.

Vifurushi vingi vya eSIM vya watalii ni vya data tupu, havina namba. Kwa matembezi ya wiki moja vinatosha kabisa. Mwanafunzi atakayefungua akaunti ya benki na kujiandikisha kwa daktari anahitaji namba ya Uingereza, basi achukue eSIM ya kampuni ya huko.

Je, laini ya nyumbani nayo igeuzwe eSIM? Safaricom na Vodacom hutoa huduma hiyo, lakini kwa anayesafiri kadi ya plastiki ni salama zaidi: simu ikiharibika, huhamishiwa nyingine papo hapo bila kumuomba mtu yeyote ruhusa.

Hatari yake ni wezi. Mwaka 2024 takriban simu 80,000 ziliibwa London, nyingine zikinyakuliwa mikononi na waendesha baiskeli za umeme. Mwizi hawezi kuchomoa eSIM, ila kadi anaweza, akaiweka kwenye simu yake na kupokea ujumbe wa benki. Kadi hiyo iwekewe PIN yake, tofauti na ya M-Pesa, kabla ya kupanda ndege.