USALAMA SAFARINI: Kigari cha watoto wawili kichaguliwe kama chombo cha kazi

Konji imefika. Baba amepata ruhusa, mama amefunga mizigo, na jamaa huko Kolwezi wanangojea kuwaona watoto. Watoto wenyewe ni wawili: mkubwa ana miaka miwili na nusu, mdogo ana miezi minane. Nani atambeba nani? Mkubwa anatembea hatua mia moja, kisha anaketi chini na kulia. Mdogo hajui kutembea bado. Na mizigo nayo inataka mikono.

Ndiyo sababu jamaa nyingi zinatafuta kigari cha watoto wawili, kile ambacho wengi wanakiita puseti. Ni chombo cha kusaidia kweli. Lakini kina magurudumu, breki, bawaba na mikanda, na ninyi wafanyakazi wa mgodi mnajua vizuri: chombo cha namna hiyo kikitunzwa kinafanya kazi, kikipuuzwa kinaumiza. Kazini dereva haondoi motokari kubwa bila kuangalia breki. Je, watoto wetu wana thamani kuliko madini, au hapana?

NAMNA MBILI ZA VIGARI

Namna ya kwanza, watoto wanakaa bega kwa bega. Kigari hiki ni kipana, lakini hakipinduki upesi, na watoto wote wawili wanaona njia. Namna ya pili, mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma. Hiki ni chembamba, kinapita mlangoni na kati ya watu sokoni. Lakini ni kirefu, ni kigumu kukigeuza, na kuinua magurudumu ya mbele kwenye ukingo wa barabara kunataka nguvu.

Kigari hicho cha pili kina hatari moja ambayo wengi hawaifikiri. Mtoto wa mbele akishuka, uzito wote unabaki nyuma. Kama mama ametundika mfuko wa unga kwenye mpini, kigari kinaanguka kinyumenyume pamoja na mtoto aliyebaki. Kwa hiyo mzigo usitundikwe kamwe kwenye mpini. Uwekwe chini, kati ya magurudumu. Na mtoto wa nyuma ashushwe kwanza.

PIMA KABLA YA KULIPA

Usiende dukani bila kipimo. Pima upana wa mlango wa nyumba yako. Vigari vingi vya bega kwa bega vina upana wa karibu sentimita 75 au 80, na kigari kisichoingia nyumbani kitalala nje kwenye mvua mpaka kipate kutu.

Kisha piga hesabu ya kilo. Mkubwa ana kilo 13, mdogo ana kilo 8, kigari chenyewe kilo 12. Jumla ni kilo 33, na bado hujaweka chupa ya maji wala nguo. Nani atakipandisha kwenye ngazi ya basi au ya treni? Watoto washuke kwanza, kigari kikunjwe, kisha watu wawili wakiinue pamoja, migongo imenyooka, kama tunavyofundishwa kazini.

Uepesi unatafutwa tangu zamani. Owen Maclaren, injinia wa ndege wa Uingereza, aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1965 kwa kigari cha mabomba ya alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Lakini mahali panapokunjwa ndipo panapokata. Mwaka 2009, huko Marekani, vigari vya kukunjwa karibu milioni moja, vya mtoto mmoja na vya wawili, viliitwa virekebishwe, kwa kuwa kulikuwa na habari za watoto 12 waliokatwa ncha za vidole katika bawaba. Fundisho ni hili: kabla ya kukunja au kukunjua, mtoto asimame mbali, na mikono yake uione kwa macho.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Vigari vingi vinavyouzwa kwetu vilikwisha kutumika. Si vibaya kununua cha namna hiyo, lakini kikague:

1. Breki. Weka mzigo mzito ndani, kifunge breki, kisukume kwenye mteremko. Kikisogea, kiache.
2. Kufuli la fremu. Kikunjue, kisha kitikise kwa nguvu. Kisijikunje chenyewe.
3. Mikanda. Kila mtoto awe na wake: mabegani, kiunoni na kati ya miguu. Mkanda uliokatika usiufunge kwa kamba.
4. Fremu. Tafuta nyufa na mahali palipochomelewa upya.
5. Magurudumu. Yale madogo ya plastiki ni ya sakafu laini. Kwa njia zetu za mawe na mchanga, tafuta makubwa ya mpira.
6. Kiti. Mtoto asiyeweza kuketi peke yake, yaani wa chini ya miezi sita hivi, anatakiwa kulala chali, bapa. Akiketishwa, kichwa kinaanguka mbele na pumzi inazibwa.

STESHENI NA BARABARANI

Mwaka 2009, mjini Melbourne, Australia, kigari kiliviringika kutoka jukwaa la stesheni na kuanguka relini mbele ya treni. Mama alikuwa amekiacha kitambo kidogo tu. Mtoto alipona kwa ajabu. Basi, ukisimama stesheni, funga breki, geuza kigari kilalie sambamba na reli, kisielekee relini, na mkono mmoja ubaki juu ya mpini. Mkanda nao ufungwe hata kwa safari ya dakika mbili.

Kutoka Lubumbashi kupitia Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 300. Ndani ya motokari kigari si kiti cha mtoto. Kikunjwe, kifungwe pamoja na mizigo. Mtoto mdogo akae katika kiti chake mwenyewe kilichofungwa, na kama hakuna, akae nyuma, si mbele karibu na kioo. Nyuma ya kamyoneti wazi si mahali pa mtoto, hata kama safari ni fupi.

VUMBI, JUA NA MBU

Mtoto katika kigari yuko chini, karibu na moshi wa motokari na vumbi la magari ya madini. Pita njia za kando. Ukifika nyumbani, pangusa magurudumu kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuingia, kama unavyoacha nguo za kazi nje ya chumba cha watoto.

Jua likiwa kali, usifunike kigari kizima kwa kitenge. Ndani hewa haipiti, joto linapanda upesi. Tafuta kivuli, wape watoto maji au ziwa. Jioni tumia chandarua, maana mbu wa malaria anauma usiku. Miezi ya Juni na Julai asubuhi ni baridi: weka blanketi, lakini uso ubaki wazi.

NA MGONGO WA MAMA?

Usidharau kitenge. Kwa safari yenye ngazi, matope na msongamano, mara nyingi njia bora ni hii: mdogo mgongoni, miguu imepanuliwa, pua wazi, mkubwa katika kigari chepesi cha mtoto mmoja. Franga zinabaki mfukoni, na kilo zinapungua. Na mgongo wa baba nao unaweza kubeba. Hakuna aibu katika kumbeba mtoto wako.

Kigari cha watoto wawili kinafaa zaidi kwa jamaa yenye mapacha au yenye mwendo mrefu wa kila siku kwenye njia nzuri, kwenda kupima watoto lupitalo au kwenda sokoni. Baba na mama wakae pamoja, wapime mlango, wahesabu kilo, wafikiri njia. Ndipo wanunue.

Funga breki, funga mkanda, usiondoe mkono. Safari njema, na mrudi wote salama!