Je, Mganga Agome?

Wengi wetu tusomao ukurasa huu tumevaa sare au twaishi na mvaa sare, na sare hiyo hairuhusu mgomo. Kwa hiyo habari ya daktari kuvua koti lake jeupe na kutoka wodini hutuchukiza upesi. Nami nilikuwa hivyo mpaka Novemba 2017, madaktari wa serikali hapa Uganda walipogoma kwa majuma kama matatu. Walidai mishahara, lakini walilalamikia pia ukosefu wa dawa na vifaa.

Mke wa kaka yangu ni mkunga katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Yeye hakugoma. Usiku mmoja aliletewa mama aliyehitaji kupasuliwa, na wa kumpasua hakuwapo. Mumewe, konstebo wa polisi, alitafuta gari hadi alfajiri, wakampeleka hospitali ya misheni. Mama alipona, mtoto hakupona. Nilimwuliza shemeji kama hakuwachukia wale madaktari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Niliwachukia, shemeji. Lakini mwezi uliotangulia tulimpoteza mwingine, daktari akiwa amesimama pale pale, kwa kuwa damu haikuwapo wala uzi wa kushonea. Huyo hakuna aliyemwandika kuwa kauawa na mgomo."

Tangu siku ile sisemi tena kwamba mgomo ni ukorofi mtupu. Hata hivyo siukubali. Mwenye fedha hugeukia hospitali ya kulipia. Anayebaki mlangoni ni mke wa konstebo. Nchini Kenya madaktari waligoma siku 100, toka tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017, wakidai mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 yatekelezwe. Kati ya kutia sahihi na kugoma ilipita miaka mitatu! Ni nani basi aliyeuanza mgomo ule?

Serikali nyingine hutafuta msaada kambini. Mwaka 2012, madaktari wa Tanzania walipogoma, madaktari wa jeshi walipelekwa Muhimbili. Ni heshima kwa jeshi, lakini madaktari hao ni wachache, nao wana wagonjwa wao. Isitoshe, daktari mwenye nyota mabegani hawezi kushona kidonda bila uzi. (Fundi wa gari la jeshi naye hatengenezi breki kwa uzalendo peke yake, hupewa vipuri.)

Shirika la Kazi Duniani lakubali kwamba serikali yaweza kuzuia mgomo hospitalini, kwa kuwa uhai wa watu umo hatarini. Lakini laweka sharti: walionyimwa mgomo wapewe usuluhishi wa haraka, usio na upendeleo, ambao uamuzi wake huzifunga pande zote mbili. Maofisini mwetu sehemu ya kwanza hukumbukwa upesi, na ya pili hulala katika faili. Mimi ni mtumishi wa serikali, nazijua faili hizo. Barua ya muuguzi anayeomba glavu yafaa ijibiwe kwa haraka ile ile ambayo barua ya kumfukuza kazi hupigwa chapa.

Shemeji yangu yu kazini hata leo. Juma lililopita alimtuma mwanawe dukani kununua betri za tochi, kwa ajili ya zamu yake ya usiku.