Damu Katika Choo Isidharauliwe

Ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watatu tuliotangaziana nao vita tangu siku za Uhuru, na mara nyingi maadui hao hutembea pamoja. Saratani ya utumbo mpana ni mfano wake. Kwa kawaida hukua polepole kwa miaka, na ikigunduliwa mapema wagonjwa wengi hupasuliwa wakapona. Lakini kwetu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, na mara nyingi kuchelewa huko huanzia pale mgonjwa alipokwenda kwanza kutafuta dawa.

Tuitazame Kariakoo. Hapa hukutana mchukuzi wa mizigo, mama lishe, mwenye duka, na mfanyabiashara aliyevuka bahari kutoka Unguja au Pemba kununua bidhaa. Mtu wa namna hiyo akiona damu katika choo hana nafasi ya kuacha kazi. Huingia duka la dawa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Damu ikirudi, huenda zahanati akaandikiwa dawa ya amiba. Mara ya tatu, dawa ya minyoo. Miezi hupita, na hapana aliyemchunguza mwili wake.

Si haki kuwalaumu waganga peke yao. Bawasiri, amiba, safura na kichocho cha tumbo vipo kweli. Tena, kwa muda mrefu saratani hii ilihesabiwa kuwa ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ni adimu kwa Waafrika kwa sababu chakula chao kina nyuzinyuzi nyingi. Lakini madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 habari za wagonjwa 332: umri wao wa kati ulikuwa miaka 46, na walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Basi isisemwe tena kwamba haya ni maradhi ya wageni, wala ya wazee peke yao.

Dalili zake zinajulikana: damu katika choo, kuhara au kufunga choo kwa wiki kadhaa kinyume cha mazoea, kuhisi haja haijakwisha, kukonda bila sababu, uvimbe tumboni, na upungufu wa damu usio na maelezo, hasa kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi.

Uchunguzi wa kwanza hautaki mitambo mikubwa. Wataka maswali, kupapasa tumbo, kidole chenye glavu katika puru, kupima wingi wa damu, na kutazama choo kwa hadubini. Uvimbe ulio karibu na njia ya haja waweza kuguswa kwa kidole. Kutibu bawasiri bila kuchunguza ni kubahatisha. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2023 unaagiza wagonjwa wengi wenye dalili wapimwe choo kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, ili ijulikane nani apelekwe haraka kutazamwa utumbo kwa bomba lenye kamera. Kipimo hicho chaweza kutufaa, ila tukumbuke kwamba safura na kichocho nazo hutoa damu.

Kanuni iwe moja: dawa ikitolewa na dalili zisiishe, asipewe ya pili kabla ya kuchunguzwa na kuandikiwa rufaa. Kutoka zahanati ya Kariakoo hadi Amana na Muhimbili si mbali. Kilicho mbali ni nauli, foleni na hofu. Rufaa isiyo na tarehe ni karatasi tu. Viongozi wa afya wahakikishe kila zahanati ina glavu, chumba chenye faragha, na daftari la kufuatilia kama aliyetumwa alifika. Na ndugu zetu wa visiwani wasingoje safari ya biashara. Waanze kwenye kituo cha karibu, Mnazi Mmoja ya Unguja ikiwa ngazi ya rufaa.

Wazee wetu walifundisha kwamba hakuna haya katika dini; basi isiwepo haya katika kuokoa uhai. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mwananchi aseme, na mganga achunguze.