Mzigo usiokuwepo huuzwa kwa faili la pamoja
Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa jumla waliounganisha kompyuta zao kwa mtandao wa ofisi wanashauriwa kuangalia upya namna faili la bidhaa linavyoandikwa, kwani uzembe mdogo hapo huweza kuuza mzigo ambao haupo.

Tuseme duka la mchele lina magunia 200 stoo. Asubuhi karani wa kaunta anafungua faili la Excel. Mtunza stoo naye akilifungua, kompyuta inamwarifu kuwa linatumiwa na mwenzake, yeye anaruhusiwa kulisoma tu. Kwa haraka zake anatengeneza nakala, anaondoa humo magunia 60 yaliyopakiwa kwenye lori, salio linakuwa 140. Karani kwa upande wake ameuza 80, kwake salio ni 120. Jioni nakala ya stoo inawekwa juu ya faili la awali na mauzo ya karani yanafutika. Faili linasema 140, stoo kuna 60. Kesho yake mteja analipia 100. Magunia 40 yatatoka wapi?

Wengi huilaumu kompyuta, kumbe yenyewe ilijaribu kuzuia. Excel na Word zinapofungua faili huweka kando yake kijifaili kilichofichwa, jina lake likianza na alama ~$, chenye jina la aliyelifungua. Hilo ndilo kufuli. Umeme ukikatika ghafla kijifaili hicho huweza kubaki, na faili likaonekana lina mtu ilhali halina. Hapo ndipo watu huzoea kudharau onyo na kukimbilia nakala. Hakikisha kwanza kuwa hakuna aliyelifungua, kisha kifute.

Ubaya wa kufuli hili ni kwamba hufunga faili zima, hata anayehitaji mstari mmoja. Google Sheets, iliyoanza mwaka 2006, huruhusu watu kuandika kwa pamoja, lakini wawili wakibadili kisanduku kimoja, hubaki alichoandika wa mwisho. Historia ya faili itaonyesha cha kwanza, ila mteja atakuwa ameshalipa.

Njia isiyo na gharama ni kumkataza kila mtu kugusa salio. Kila mauzo yapate mstari wake: tarehe, saa, idadi na jina la aliyeandika. Salio likokotolewe kwa fomula. Wenye maduka wa zamani waliandika daftari lao hivyo hivyo, na hawakuwa na mtandao. Kaunta iwe na faili lake na stoo lake, na mtu mmoja tu ayajumlishe, tena mara kadhaa kwa siku pale biashara inapochangamka. Kusubiri jioni ni kuchelewa. Nakala mbili zikitokea kwa bahati mbaya, mistari itaunganishwa bila ya mmoja kumfutia mwenzake.

Bei nazo abadilishe mtu mmoja, kabla duka halijafunguliwa.