Mtemi aliyetaka kila mtu alipe

Mwanzoni mwa mwaka 1861, katika Mgunda Mkali, pori lile kavu linalotenganisha Ugogo na Unyamwezi, mtu aliyekuwa akisakwa kwa bunduki alifika kwenye kambi ya mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Alikuwa Mnywa Sere, ambaye Speke alimwandika Manua Sera, mtemi wa Unyanyembe aliyekwisha kuondolewa kwenye kiti chake. Maelezo aliyotoa mtemi huyo, Speke aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1863, na mtu yeyote anayeshughulika na sheria za kodi angefaidika kuyasoma. Mtemi alisema kwamba baada ya kumrithi Fundikira aliweka ushuru kwenye bidhaa zote zinazoingia nchini mwake. Fundikira hakuwahi kufanya hivyo. Mnywa Sere hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kuacha, kwa kuwa wafanyabiashara Waarabu walikuwa watu pekee waliokaa katika nchi yake bila kutozwa chochote.

Wafanyabiashara hao walikuwa wamejenga Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Walikuwa na nyumba za tembe, mashamba, watumwa na maghala ya pembe za ndovu, na njia zilizotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kaskazini kwenda Karagwe na Buganda zilikutana hapo. Mtemi alipowadai, walikataa. Ugomvi ukawa vita, nao wakamweka Mkasiwa mahali pake, mtemi ambaye hangewasumbua. Mnywa Sere akaingia porini, akafunga njia na kuvamia misafara. Snay bin Amir, tajiri wa Kazeh aliyemkaribisha Speke na mwenzake Burton mwaka 1857, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sere mwenyewe aliuawa mwaka 1865. Kwa miaka kadhaa watu walizikwa, mashamba yaliungua, na biashara ililala kwa sababu ya ushuru ambao upande mmoja uliona hauhusiki nao.

Watu wale wale hawakuwa wageni wa kulipa. Misafara yao ilipopita Ugogo ililipa hongo, yaani ada ya njia, kwa kila mtemi mwenye visima: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya. Walilipa kwa sababu bila maji ya Mgogo wapagazi wangekufa njiani. Pembe zilipofika pwani walilipa tena kwenye forodha ya Sultani wa Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Sewji. Huko nako hapakuwa na njia ya kuzunguka. Palipokuwa na mkono wenye nguvu walitoa bila vita. Unyanyembe, walikoishi, kulima na kuzikana, ndiko walikodai kwamba kutolipa ni haki yao ya tangu zamani.

Mtemi naye hakuwa malaika. Watemi wa Unyamwezi walikuwa na sehemu yao katika pembe za tembo waliouawa kwenye ardhi yao, na wengi wao walifanya biashara hiyo wenyewe. Ushuru wa Mnywa Sere uliwaangukia watu walioshindana naye sokoni, na sijaona popote panaposema kwamba mali yake mwenyewe ilipimwa mlangoni. Miaka kumi baadaye Mirambo wa Urambo alifanya jambo kama hilo kwa ukali zaidi. Msafiri Henry Stanley anaeleza kwamba mwaka 1871 Mirambo alisimamisha msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya vitambaa, kisha akaurudisha msafara ulikotoka hata baada ya kulipwa. Hiyo haikuwa kodi tena. Kodi humpa anayelipa kitu fulani, hata kama ni kidogo: maji, ulinzi, au ruhusa ya kupita.

Naanza na historia hii kwa sababu mjadala wa leo kuhusu wanasiasa na kodi hukwama mahali pale pale. Mwananchi anasema, "Mnatutoza sisi, ninyi hamlipi." Mwanasiasa anajibu, "Sijavunja sheria yoyote." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mazungumzo hayaendi mbele. Ni lazima kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya.

Mfanyabiashara anayeuza bila kutoa risiti, au anayeweka vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kwake na kimoja cha Mamlaka ya Mapato, anakwepa kodi, na hilo ni kosa la jinai. Mwingine anapanga mambo yake kwa kufuata mianya iliyoachwa na sheria: anasajili kampuni katika nchi isiyotoza, au anaandikisha mali kwa jina la taasisi ya familia. Huyu anaepuka kodi. Hapelekwi mahakamani kwa hilo peke yake, ingawa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inampa Kamishna uwezo wa kuupuuza mpango ambao moja ya madhumuni yake makuu ni kupunguza kodi. Halafu yuko mtu wa tatu, ambaye hakwepi wala haepuki. Sheria yenyewe imeandika kwamba mapato yake fulani hayatozwi. Anachofanya ni kupokea tu.

Wanasiasa wengi wanaolaumiwa kwa unafiki wako katika kundi hili la tatu, nalo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni la pekee ambamo mnufaika anaweza kuwa pia mwandishi wa sheria. Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ni kinga nzuri. Inamzuia mtawala kuamka asubuhi na kututoza apendavyo. Lakini mwenye uwezo wa kutoza ndiye mwenye uwezo wa kusamehe, na hakuna maneno katika ibara hiyo yanayomzuia kujisamehe mwenyewe.

Juni 2016, katika bajeti yake ya kwanza, Waziri wa Fedha Dk. Philip Mpango alipendekeza kufuta msamaha wa kodi kwenye kiinua mgongo cha wabunge, fedha wanazolipwa miaka mitano ya Bunge inapokwisha. Pendekezo liliwasha moto Dodoma. Baadhi ya wabunge walihoji kwa nini waguswe wao ilhali viongozi wengine wa kisiasa wanaachwa. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuibeza: kodi inayochagua imuumize nani haiko mbali na ushuru wa Mirambo. Ila ukiifuata hadi mwisho, inadai kila kiongozi atozwe. Haidai kwamba wote wasamehewe.

Wafikirie sasa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora. Ushuru wa mazao wa halmashauri ulikuwa hadi asilimia 5 ya thamani ya zao. Mwaka 2017 ukapunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kisheria anayelipa ni mnunuzi. Kwa hali halisi mnunuzi anajua mapema kwamba atalipa, naye hupanga bei yake akiwa na hesabu hiyo mkononi, kwa hiyo sehemu ya mzigo hurudi shambani. Tena ushuru huu unatozwa kwenye thamani ya mauzo, na siyo kwenye faida. Mkulima aliyekopa mbolea, akakata kuni za kukaushia, kisha tumbaku yake ikapewa daraja la chini na kumpa hasara, ushuru umemfuata vile vile. Kodi ya mapato ya kampuni kwa kawaida haifanyi hivyo. Kampuni iliyopata hasara huruhusiwa kuipeleka mbele na kuipunguza kwenye faida za miaka ijayo. Mkulima hana mwaka ujao wa namna hiyo kwenye vitabu vya halmashauri.

Tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 nayo ilikuwa hivyo. Iliwekwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Anayemtumia mama yake fedha za dawa Nzega hakuwa amepata faida yoyote kwa kuzituma. Zilikuwa fedha zake, na kama ni mwajiriwa zilikwisha kukatwa kodi kwenye mshahara. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huo viwango vikashushwa kwa asilimia 30. Wakati huo huo sheria yetu ya kodi ya mapato imeziacha nje posho kadhaa, zikiwamo za nyumba, usafiri na madaraka, zinapolipwa kwa watumishi wa serikali na taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake. Mfanyakazi wa kampuni binafsi akipewa posho ya nyumba, inahesabiwa kama mshahara na kukatwa. Watu hawa wawili wanaweza kukaa mtaa mmoja wa Cheyo, Tabora, wakalipa pango sawa, na mkono wa kodi ukamfikia mmoja tu.

Tabora iliijua tofauti ya aina hii chini ya wakoloni pia. Januari 1893 majeshi ya Kijerumani chini ya Tom von Prince yalipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti badala ya kutekwa, utawala wa njia na ada zake ulihamia mikononi mwao. Miaka michache baadaye ikaja kodi ya nyumba, rupia 3, na kwa Mnyamwezi aliyekuwa mpagazi huru mwenye kujadili ujira wake, rupia hizo zikawa sababu ya kufanya kazi kwa masharti ya mwingine. Nchi jirani ya Kenya inaonyesha upande wa pili kwa uwazi unaoumiza. Waafrika walilipa kodi ya nyumba na ya kichwa kila mwaka. Walowezi walipowekewa kodi ya mapato mwaka 1921 walipinga, wakafanikiwa, ikafutwa mwaka 1922, na haikurudi mpaka 1937. Walikuwa na viti katika baraza la kutunga sheria, na Waafrika hawakuwa navyo. Sioni sababu nyingine inayohitajika kueleza tofauti hiyo.

Unafiki wa viongozi kuhusu kodi si ugonjwa wa Afrika. Aprili 2022 Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, alikuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza na alikuwa ndiyo kwanza amepandisha michango ya bima ya taifa inayokatwa kwenye mishahara. Siku hizo hizo ikajulikana kwamba mkewe, Akshata Murty, alikuwa akitumia hadhi ya kisheria iliyomruhusu kutolipa kodi ya Uingereza kwenye mapato yake ya nje. Hakuna sheria iliyovunjwa. Yeye mwenyewe akaamua kuanza kulipa, akisema hakutaka jambo hilo limvuruge mumewe. Lakini utaratibu wenyewe ulibaki ukiwanufaisha maelfu ya wengine mpaka ulipofutwa Aprili 2025, na ni kufutwa huko kulikobadilisha kitu. Oktoba 2021 Nyaraka za Pandora, nyaraka za siri zilizovujishwa, zilionyesha kwamba familia ya Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya ilikuwa na kampuni na taasisi nje ya nchi. Watu walikumbuka haraka kwamba mwaka 2018 aliiambia BBC kuwa mali za kila mtumishi wa umma zinapaswa kutangazwa hadharani. Kumiliki kampuni Panama si kosa, na nyaraka hizo hazikuthibitisha wizi. Aibu ilitokana na umbali kati ya maneno na karatasi. Baada ya hapo aibu ilipita, na sheria zinazoruhusu usiri huo zikabaki.

Kwa hiyo sipendi sana mchezo wa kumfichua mwanasiasa mmoja mmoja, ingawa waandishi wanaofanya kazi hiyo nawaheshimu. Ukishamaliza kumzomea aliyepatikana, anayefuata ataketi kwenye kiti kile kile na kupokea msamaha ule ule. Mwaka 2016 wabunge wa Uganda walipitisha muswada wa kuzitoa posho zao kwenye kodi, na Rais Yoweri Museveni akakataa kuusaini, akaurudisha bungeni. Hapo mambo yalitegemea utashi wa mtu mmoja, na utashi hubadilika.

Wakenya walichukua njia nyingine, nami naiona ndiyo bora. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 210, inakataza sheria yoyote kumwondoa afisa wa dola kwenye kodi kwa sababu ya cheo chake au ya aina ya kazi yake. Juni 2011 mamlaka yao ya mapato iliwaandikia wabunge kudai kodi kwenye posho ambazo zamani hazikuguswa. Wabunge walikasirika, wakadai kwamba walichaguliwa kwa masharti ya zamani. Hoja yao ilifanana na ya wafanyabiashara wa Kazeh: hatujawahi kulipa, kwa nini sasa? Safari hii aliyedai hakuhitaji kuingia porini na bunduki. Alikuwa na kifungu cha katiba mkononi.

Sisi hatuna kifungu hicho. Kingeweza kuongezwa kwenye ibara ya 138 kwa sentensi moja, na rasimu yake si kazi ya kumsumbua mwanasheria yeyote. Mgombea atakayesimama Urambo au Igalula kuomba kura za wakulima wa tumbaku anaweza kuulizwa jambo moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: sentensi hiyo ikiletwa bungeni, utaipigia kura?