Swali la Mtoto Lisichekwe

Jua linapowaka Ifakara, watoto hukimbilia barafu. Mzazi, mwanao akikuambia kwamba maji ya moto huweza kuganda upesi kuliko ya baridi, utamjibu nini? Wengi wetu tutacheka.

Erasto Mpemba alichekwa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa.

Hakukata tamaa. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa tunayoitazama kutoka bonde hili la Kilombero, huko Iringa, alijiunga na Shule ya Mkwawa. Siku moja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliwatembelea. Mpemba akauliza tena. Wenzake wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka, bali alirudi chuoni na kuagiza jaribio lifanywe.

Mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa Uingereza. Mpemba alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka, wala si fizikia. Lakini jambo hilo huitwa kwa jina lake duniani kote, na wataalamu wangali wakilibishania.

Ndugu mzazi, humpasi mtoto jibu kamili kila mara. Yatosha kusema: "Sijui, mwanangu, hebu tujaribu."